Fundi kaniulia diski halafu ananiambia nakanyaga breki kama cherehani!!!

Wakuu nina hasira mpaka vidole vinatetemeka kwenye simu, mtanivumilia. Yule fundi mnamjua, jina sitaji, yule mwenye ovaroli ambalo halijawahi kukutana na sabuni tangu lishonwe, anayekatiza kila mtu na "mimi gari hizi usinifundishe". Leo hii kanisimamisha katikati ya gereji mbele ya wateja na vijana wake wote, kanyanyua diski yangu ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ili gari lisimame, juu kila mtu aione, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwezini: "Wewe huendeshi gari, unakanyaga cherehani!"

Cherehani! Mimi!

Sasa sikilizeni. Gari lilianza kupiga mluzi tairi la mbele kushoto, ule mluzi mwembamba wa kukwaruza meno. Yeyote aliyewahi kushika spana anajua kile ni kichuma kidogo kwenye pedi, kimewekwa makusudi kiguse diski na kupiga kelele pedi ikikaribia kuisha. Nikampelekea mapema kabisa. Hata tairi hakufungua! Kachungulia kwenye matundu ya rimu na tochi ya simu, kaona pedi ya nje bado nene, "hilo vumbi tu bosi", kamwagia maji, kapokea hela, haya nenda. Pedi ziko mbili kila tairi, ya nje na ya ndani, na ya ndani ndiyo ilikuwa inaliwa kwa sababu pini za kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, zimeganda kutu, kalipa haitelezi, pistoni inaibana ya ndani kazi yote inafanya peke yake. Mluzi ukageuka krrrrr krrrrr nausikia mpaka kwenye pedeli. Leo limefunguliwa: ya nje bado ipo, ya ndani imebaki bati tupu, chuma kinasaga chuma, diski ina mifereji ukipitisha ukucha unanasa.

Halafu eti cherehani! Mguu wangu unafikaje kwenye pini ya kalipa? Nauliza, unafikaje?? Na vijana wake walivyocheka, mmoja kadondosha spana kakaa chini kabisa anashika tumbo. Na hapo hapo anataka afunge pedi mpya juu ya diski hiyo hiyo, "zitajichonga zenyewe". Cherehani kweli wakuu?

Mzee wa Spana: Pole mkuu, usikubali hata kidogo. Pedi mpya kwenye diski yenye mifereji zinagusa vilele tu, breki hafifu na zinaisha haraka. Kila diski ina unene wa mwisho umeandikwa juu yake kwa milimita, tafuta MIN TH, ipimwe kwa mikromita, ikiwa chini ya hapo au kuichonga kutaipeleka chini ya hapo basi inatupwa. Badilisha pande zote mbili za mbele, sio kushoto peke yake. Pini zitolewe zisafishwe zipakwe grisi yake ya breki, ile ya beringi inavimbisha mipira zinaganda tena.

Dereva Mkesha: 😂😂 Mkuu Cherehani hebu tuambie ukweli, mteremkoni unakalia breki mpaka chini eeh?

Mleta uzi: SIKALII BREKI! Nashuka na gia ndogo kama binadamu! Ningekuwa nakalia breki pedi zote zingeisha, sio ya ndani ya tairi moja!

Dereva Mkesha: Sawa Cherehani, usikanyage sana kibodi.

Mama Pacha: Una bahati sana wewe. Wa kwangu alipaka grisi kwenye uso wa pedi pale pale panapogusa diski, eti zisipige kelele. Kweli hazikupiga kelele. Gari nalo halikusimama, lilipita geti likaenda kusalimiana na ukuta.

Kaa Macho: Mimi walikaza nati za tairi kwa kurukia spana, upande mmoja zimekufa upande mwingine legelege, diski ikakaa mshazari, baada ya muda nikikanyaga breki usukani unacheza ngoma. Na kiti walikilaza wakalala humo, redio wakabadilisha stesheni zote!

Mzee wa Spana: Nati zinakazwa kwa msalaba, na spana ile inayopima nguvu. Na oili ya breki ikishuka kwenye kopo bila kuvuja msikimbilie kujaza, mara nyingi ni pedi zimeisha pistoni imesogea mbele. Ikibaki milimita 3 badilisha, usingoje muziki.

Kaa Macho: Mzee tunaongelea kiti hapa. Kililazwa mpaka leo hakirudi.

Dada wa Mitindo: Nimeona cherehani nikaingia mbio. Nyie mnalilia fundi gari? Njooni kwa fundi nguo wangu! Kila nikienda gauni langu "bado vifungo tu". Harusi imepita, bibi harusi kashajifungua, bado vifungo tu!

Mama Pacha: Weeee ni huyo huyo ana kope za bandia?

Mleta uzi: Jamani naomba turudi kwenye diski, yule mtu kanidhalilisha mbele ya watu.

Mama Pacha: Kaka subiri kidogo. Dada, kitambaa kilikuwa mita ngapi?

Dada wa Mitindo: Nne nzima! Kaniambia kilirowa kikasinyaa, halafu namwona mwanawe kavaa kaptula ya maua yale yale, na kofia yake juu!