Mrejesho: zile fleti za bei nafuu kwenye uwanja wetu

Asalam aleykum. Niliwauliza kama tuukubali au tuukatae mradi wa fleti za bei nafuu uliopangwa kwenye uwanja wa wazi wa shehia yetu, hapa Unguja. Sheha aliitisha kikao Jumamosi baada ya laasiri, watu wakajaa mpaka barazani kwa jirani.

Vijana wanautaka, kodi zimewachosha. Wazee ndio walioshika maneno. Bibi mmoja alisimama, kanga kaikaza kichwani, akauliza: "Mwanangu, nikifa ghorofa ya nne, jeneza litashukaje kwenye ngazi hizo?" Watu wakacheka. Mchoraji wa mradi hakucheka, alikunjua ramani, akapima ngazi kwa rula, akasema kweli ile kona ni finyu. Jirani aliyekulia Michenzani, kwenye yale majumba yaliyoanzwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yeye alitaka kujua pampu ya maji ataigharamia nani. Swali hilo lilishinda yangu yote.

Ahsanteni mlioniambia niulize habari za umiliki. Tumejibiwa itatumika Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010: fleti ni yako, ngazi na paa ni vya wote. Bei lakini hawakuitaja. Nafuu kwa nani, basi?

Tumewaambia wachore upya, wabakishe pahala pa watoto kuchezea mpira, na bei waje nayo kwa maandishi. Kikao kingine ni baada ya masika. Mie mpaka niione hiyo bei, siungi mkono wala sipingi.