Dashikamu imefungwa kwenye fyuzi, kila Jumatatu asubuhi gari haiwaki. Naombeni msaada

MkaziWaTabata
Wakuu habari za jioni. Mi nina IST ya 2004, miezi miwili nyuma nimeibiwa vioo vya pembeni vyote viwili gari ikiwa imepaki nje ya geti, iliniuma sana, nikaamua nifunge kamera ya mbele na ya nyuma inayorekodi hata gari ikiwa imezimwa. Nikanunua na kile kisanduku chake cha kuipa umeme wa gari, cha waya tatu, nyekundu, njano na nyeusi, fundi mmoja mjini akanifungia nusu saa tu akasema tayari. Siku za kwanza poa. Jumatatu iliyofuata asubuhi nawasha nasikia tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, jirani akanibustia nikaenda kazini. Jumatatu ya juzi tena vilevile. Kingine, nikipita kwenye matuta au ile barabara yetu ya vumbi kamera inazima na kujiwasha yenyewe, mara tatu mara nne kwa safari moja, na kipande cha hapo hakirekodiwi. Fundi anasema betri imekufa ninunue mpya. Ni betri saizi ya NS40, ina miaka miwili na nusu. Kabla sijatoa hela naombeni ushauri, hii ni betri kweli au ni kamera?

SukaWaNoah
Pole sana mkuu. Mi ningechomoa hilo lisanduku nikachomeka kamera kwenye laita basi. Ukizima gari laita inakata, kamera inazima, betri iko salama. Natumia hivyo mwaka wa pili huu sijawahi kubustiwa.

MkaziWaTabata
Asante kaka, ila mi kamera nimeifunga kwa ajili ya usiku. Vioo havikuibiwa nikiwa naendesha.

FundiUmemeIlala
Usinunue betri kwanza. Umesema mara zote mbili ni Jumatatu, hapo ndo pa kuanzia. Wikendi gari unaitumia?

MkaziWaTabata
Hapana mkuu, nikipaki Ijumaa saa 1 usiku naigusa tena Jumatatu saa 12 asubuhi.

FundiUmemeIlala
Basi hesabu mwenyewe. Hapo ni masaa 59. Kamera ya mbele na nyuma ikirekodi kwa nguvu zote tuseme inakula ampea 0.4 kutoka kwenye betri, mara 59 unapata karibu ampea-saa 24. NS40 ikiwa mpya na imejaa ina kama 35 hivi, yako ya miaka miwili na nusu haifiki hapo, na foleni za Dar haziijazi. Kwa hiyo siku za kazi inavumilia kwa sababu ni usiku mmoja mmoja, wikendi inakwisha. Betri yako inaweza kuwa imechoka kidogo lakini hata ukifunga mpya itakufia vilevile.

Sasa swali ni kwa nini inarekodi kwa nguvu zote wakati umezima. Zile waya tatu kila moja ina kazi yake. Nyeusi ni ethi, inafungwa kwenye chuma cha bodi. Njano mara nyingi ndo ya moto wa kudumu, inapata umeme muda wote. Nyekundu ni ya aksesori, inatakiwa ipate moto ukiwasha swichi tu na ife ukichomoa funguo (rangi zinatofautiana, soma kilebo kilichobandikwa kwenye waya). Kamera inajua gari imezimwa kwa hiyo nyekundu tu. Nyekundu ikiwa na moto inajua uko barabarani, ikifa ndo inahamia kwenye ulinzi wa paking, haili tena kwa nguvu zote. Nina wasiwasi fundi kaweka zote mbili kwenye moto wa kudumu.

Azima testa ya namba, weka DC 20, unipe hivi: volti ya betri asubuhi kabla hujawasha gari, volti gari ikiwa inaunguruma, volti ya waya nyekundu funguo ikiwa mkononi mwako. Afu weka ncha moja ya testa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bolti ilipofungwa ile nyeusi, kamera ikiwa inafanya kazi. Mwisho angalia kile kiswichi kidogo kwenye kisanduku kimewekwa volti ngapi, betri ikishuka mpaka hapo ndo kisanduku kinakata kamera.

DadaWaMbezi
Samahani nadandia hapo hapo, mi tangu nifungiwe kamera redio ya FM inakoroma, nikichomoa kamera inatulia. Ni haya haya?

FundiUmemeIlala
Hapana dada, hiyo ni kelele ya kisanduku chenyewe kinapogeuza volti 12 kuwa 5, vya bei rahisi havina kichujio kizuri. Usipitishe waya wa kamera sambamba na waya wa antena, uhamishie nguzo ya kioo cha mbele ya upande wa pili. Na hakikisha unapita nyuma ya eabegi kama nguzo yako inayo, usiuache juu yake.

MkaziWaTabata
Mkuu nimerudi. Asubuhi betri 12.1. Inaunguruma 14.1. Waya nyekundu nikiwa na funguo mfukoni inasoma 12.1. Bolti ya ethi inasoma 0.8, nikiugusa ule waya inaruka mpaka 4 na kamera inazima. Kiswichi kiko 11.6. Nimefungua na kifuniko cha fyuzi chini ya usukani, hamna chochote cha maana pale, waya umechunwa, zile nyuzi za shaba zimezungushiwa mguu wa fyuzi afu ikasukumizwa ndani kwa nguvu. Nyekundu iko kwenye fyuzi imeandikwa STOP. Plastiki ya hiyo fyuzi imeanza kuwa ya kahawia.

FundiUmemeIlala
Umeshamaliza kazi mwenyewe. STOP ni taa za breki. Chomoa funguo, mwambie mtoto asimame nyuma, kanyaga breki, si zinawaka? Maana yake pale moto upo muda wote, kamera yako tangu ifungwe haijawahi kujua kwamba gari imezimwa. Toa huo waya leo leo, achana hata na kamera: ile shaba imetanua meno ya tundu, fyuzi inakaa imelegea, inapata joto, na siku utabaki bila taa za breki kwenye barabara ya Mandela usiku malori yakiwa nyuma yako. Hilo ndo linaloniumiza kwa mafundi wa namna hii.

Ethi: alteneta iko sawa, 14.1 ni nzuri. Ila 0.8 kwenye bolti ni nyingi, inatakiwa iwe chini ya 0.1. Bila shaka imefungwa kwenye bolti yenye rangi au kutu, au inayoshika plastiki. Ndo maana kwenye matuta kamera inazima, waya unacheza. Tafuta bolti iliyoingia kwenye chuma cha bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, mwisho wa waya ubane kichwa cha duara, kaza.

Nyekundu ipeleke kwenye fyuzi ya laita, njano kwenye ya moto wa kudumu isiyo ya breki wala eabegi wala kompyuta ya injini. Usizungushe shaba, nunua kile kichomeo kinachobeba fyuzi mbili, ya kwake na ya kamera, ya kamera weka ampea 5. Kina mguu wa kuingilia moto, ukikigeuza kamera itawaka tu, ila fyuzi ya zamani itakuwa inabeba mizigo yote miwili. Jaribu hivi: chomoa ile fyuzi ya zamani kwenye kichomeo, kama kamera bado ina moto umekiweka sawa.

Na kiswichi toa kwenye 11.6. Betri ikiwa imetulia imejaa ni 12.6 au zaidi, 12.2 iko kama nusu, 12.0 imebaki kama robo. Ikifika 11.6 hamna kitu mle. Weka 12.2.

KondaWaCoaster
Naongezea kwa wenye Coaster za dizeli za Japani, zile ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Visanduku vingi vinameza 12 mpaka 24 kwa hiyo unganisha 24 moja kwa moja. Msikubali fundi achukue 12 kwenye betri moja, kwetu walifanya hivyo, betri moja ikawa inanyonywa nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yakakauka, tukapoteza zote mbili.

SukaWaNoah
Mkuu wa Ilala mimi nimejifunza kitu hapa. Ila kamera ikijizimazima mtu asisahau na memori kadi, yangu ilikuwa hivyo hivyo nikabadili kadi ikaisha. Njia rahisi lisha kamera kwa pawabenki siku moja, ikiendelea kuzima basi shida haiko kwenye waya za gari.

MkaziWaTabata
Wakuu mrejesho. Nilipata fundi mwingine Jumamosi ile, nikasimama naye mwanzo mwisho, meno ya tundu la STOP akayabana, ethi saivi inasoma 0.02, nyekundu ukichomoa funguo inasoma 0, na kwenye kioo cha kamera imetokea alama ya P, ya paking, ambayo sijawahi kuiona tangu ninunue. Kwenye matuta wiki nzima haijazima hata mara moja. Leo Jumatatu betri 12.2, gari imewaka mara moja tu, betri ni ile ile. Ila nimeangalia faili ya mwisho, kisanduku kilikata jana Jumapili saa 9 alasiri, kwa hiyo usiku wa jana gari haikulindwa. Hapo nafanyaje?

FundiUmemeIlala
Hapo ndo mwisho wa uwezo wa NS40. Jumamosi jioni toka nayo japo dakika 40 barabarani, sio kuiwasha getini ikaunguruma tu. Kama huwezi, zipo betri za pembeni za kamera, zinajichaji ukiwa unaendesha na usiku kamera inakula kwake haigusi ya gari, ila bei yake inazidi ya kamera yenyewe. Mi ningeanza na hizo dakika 40.

MkaziWaTabata
Sawa mkuu, Jumamosi nitakuwa nampeleka mama Kimara kila wiki. Mungu akubariki.