Mjadala: Jirani akivuka mpaka bila kuharibu kitu, kwa nini awajibike?

Mleta mada
Wakuu, tuijadili sheria ya madhara ya Uingereza (ile ya makosa ya kiraia, kama kuvamia ardhi ya mtu), maana ndiyo mzizi wa sheria zetu: Kenya iliipokea kama ilivyokuwa 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa 22 Julai 1920. Kule, kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa kunatosha kushtakiwa, hata kama hakuna kilichoharibika. Kukosea mpaka si utetezi. Tangu 1681 mtu aliyefyeka majani ya jirani akidhani ni yake alibebeshwa dhima. Naona ni ukali uliopitiliza. Watu wataburuzana mahakamani kwa sababu ya ngazi iliyoegeshwa ukutani.

Mchangiaji wa 1
Naomba nitofautiane nawe, mkuu. Ukimlazimisha mwenye ardhi asubiri hasara ndipo adai, umemruhusu jirani ajimegee kwanza. Katika kesi ya 1957 dhidi ya Imperial Tobacco, bango lilitokeza kama inchi 8 juu ya duka la jirani. Halikumdhuru, lakini mahakama iliamuru liondolewe. Na mwaka 1987 mkono wa kreni uliopita angani juu ya viwanja vya wengine ulizuiwa vilevile. Haki hiyo ina kikomo: ndege inayopita juu sana haimvamii mtu, kwa sababu anga lako linaishia kimo unachohitaji kwa matumizi ya kawaida ya ardhi na majengo yako.

Mchangiaji wa 2
Mnachanganya mambo mawili: kuwajibika, na nafuu atakayopewa aliyevamiwa. Katika kesi ya 1993 gereji ilivuka mpaka kwa inchi 4 na nusu. Uvamizi ulikubalika, ila mahakama ilikataa kuamuru ibomolewe, ikaelekeza fidia. Mwenye ardhi hakuridhika, akajenga ukuta kuizuia gereji, akaendelea kukaidi amri za mahakama hadi akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Ukishanyimwa amri ya kubomoa, huruhusiwi kuchukua sheria mkononi.

Kipimo cha kubadili zuio (amri ya mahakama ya kukomesha uvamizi) kuwa fidia kilitolewa mwaka 1895: madhara yawe madogo, yakadirike kwa fedha, fedha kidogo ziyafidie, na zuio liwe la kumwonea mdaiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema kisitumiwe kama mashine. Hapo ndipo ukali unapopunguzwa, mleta mada, si kwenye dhima.

Mleta mada
Sawa. Na matawi ya mwembe yakining'inia upande wangu?

Mchangiaji wa 3
Matawi na mizizi huhesabiwa kuwa kero (kosa la kumsumbua jirani katika kutumia ardhi yake), si uvamizi. Unaweza kukata hadi kwenye mpaka bila kumpa jirani taarifa, mradi usimame upande wako. Lakini tawi na tunda bado ni mali ya mwenye mti. Ukichuma na kuuza, yeye ndiye atakayekudai. Kabla ya kushika msumeno, uliza halmashauri kama mti huo umewekewa amri ya kulindwa.

Mchangiaji wa 2
Kuhusu ngazi, ipo sheria ya 1992 inayomwezesha mtu kuomba amri ya kuingia kwa jirani ili kutengeneza, kwa mfano, paa au bomba lake, ikiwa kazi ni ya lazima kwa uhifadhi na haiwezekani, au ni ngumu mno, kutoka upande wake. Haitoi ruhusa kwa ajili ya kujenga upya tu. Kwa ukuta wa pamoja, sheria ya 1996 inataka umpe jirani notisi ya miezi 2 kabla ya kazi. Kwa kuchimba ndani ya mita 3 za jengo la jirani, chini kuliko msingi wake, mwezi 1. Jirani akinyamaza siku 14, huhesabiwa kuwa mgogoro na wapima huteuliwa.

Kinachowaumiza watu zaidi ni ramani. Ile ya masjala ya ardhi, kwa kipimo cha 1:1250, huonyesha mpaka wa jumla tu. Mstari wa nusu milimita ni zaidi ya sentimita 62 ardhini! Huwezi kugombea inchi 4 kwa karatasi hiyo. Tafuta hati ya uhamisho ya awali, picha za zamani, nguzo za uzio wa kale, kisha mpima.

Mleta mada
Basi nabadilisha hoja yangu. Dhima ibaki, lakini kwa aliyekosea mpaka kwa nia njema, mahakama itamke mpaka ulipo na kutoa fidia ya jina tu (kiasi kidogo cha kuonyesha kwamba haki ilivunjwa), kila upande ubebe gharama zake.

Mchangiaji wa 1
Hilo la gharama nalipinga. Aliyekataa kupima ndiye alipe.