Mrejesho: Onyo la betri kwenye gari langu la umeme
Wiki iliyopita niliuliza kwa nini gari langu la umeme lilitoa onyo la chaji ndogo ilhali betri kuu ilikuwa na asilimia 74. Nawashukuru mlionielekeza kwenye betri ndogo ya volti 12 iliyo kando na betri kuu, kwani fundi alipoipima gari likiwa limezimwa alipata volti 11.7, wakati betri nzima iliyojaa husoma takriban 12.6. Sikujua (na nakiri nilikaribia kununua chaja mpya bila sababu) kwamba betri hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuwasha swichi zinazounganisha betri kuu, hivyo ikifa gari haliwaki. Nimeweka mpya, na kamera ya dashibodi iliyokuwa ikikesha ikinyonya betri hiyo nimeichomoa. Onyo halijarudi.