Wadau wa Mwanza, tunaibanaje halmashauri ianike data zake?

Furu_Mweusi:
Wakuu habari za jioni. Sisi ni vijana kama saba hivi, wengine mafundi kompyuta, wawili boda, mmoja anauza dagaa pale Mwaloni. Mvua ikinyesha tu unajua hali ya Mabatini kandokando ya Mto Mirongo, maji yanaingia ndani watu wanatoa magodoro, kesho yake tunapiga picha tunarusha kwenye magrupu halafu basi, tunasubiri mvua nyingine. Tukajiuliza, hivi mitaro ile inazibuliwa lini, na nani, kwa hela ngapi? Hakuna anayejua. Nikaenda ofisi moja (naihifadhi) kuuliza ratiba tu, nikaambiwa andika barua, nikaandika, nikaambiwa acha namba tutakupigia, mpaka leo kimya.

Sasa wazo letu ni kukusanya saini ili madiwani wapitishe azimio kwamba data za mji ziwekwe mtandaoni kwenye faili ambalo mtu anaweza kulifungua akajumlisha na kupanga, sio ile karatasi imeskaniwa imepinda hata kusoma huwezi. Nimesoma kuwa Vancouver kule Kanada madiwani walipitisha azimio kama hilo mwaka 2009. Hapa kwetu inawezekana au tunatwanga maji kwenye kinu?

mzee_wa_kokoro:
Kijana wangu mimi sikukatishi tamaa ila hizi habari tumeziona. Nchi hii iliingia kwenye ule mpango wa kimataifa wa serikali wazi mwaka 2011, semina zikafanyika, posho zikaliwa, na tovuti ya taifa ya data ikafunguliwa kabisa. 2017 tukajitoa. Sasa kama taifa lilijitoa nyie saba mtafanya nini? Halafu mkishapewa hizo data nani atazisoma, mama muuza dagaa?

Dada_Igoma:
Mzee wangu shikamoo, lakini huyo mama muuza dagaa ndiye wa kwanza kuzisoma! Anatoa ushuru kila siku na anakatiwa risiti ya mashine, kwa hiyo kila shilingi yake iko kwenye kompyuta tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuitoa humo ndani na kuibandika hadharani. Akijua soko limeingiza kiasi gani mwezi huu na choo bado hakina maji, hapo hahitaji digrii.

Furu mdogo wangu, kuna mawili umeyachanganya. Kwanza Mabatini iko Nyamagana, hilo ni Jiji, ila Mwaloni iko Kirumba na Kirumba ni Ilemela, manispaa nyingine, mkurugenzi mwingine, baraza jingine. Ukipeleka saini zako zote sehemu moja watakwambia kwa upole kabisa kwamba hilo si letu, na watakuwa sahihi. Barua mbili.

Pili, acha hiyo ya "data zote". Ukiomba zote hupewi hata moja, kwa sababu hakuna mtumishi mmoja mwenye "zote", kila idara ina yake. Omba kitu kimoja chenye jina: orodha ya mitaro ya kata fulani, tarehe iliyozibuliwa mara ya mwisho, aliyepewa kazi na kiasi alicholipwa. Tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku 30 kukujibu. Ile barua yako ya kwanza uliitaja sheria? Najua hukuitaja.

Furu_Mweusi:
Sikuitaja dada 😅 niliandika "naomba msaada wako"

Dada_Igoma:
Haya sasa. Ukiomba msaada unasaidiwa mtu akijisikia.

Masjala_Mstaafu:
Nimekaa halmashauri miaka mingi (sio ya Mwanza, msinitafute) ngoja niwape siri. Mtumishi haogopi sana wewe kujua, anaogopa kuwa YEYE ndiye aliyetoa. Kitu kikitoka na kikaleta maneno wanamtafuta aliyebonyeza, ila kisipotoka hakuna anayeulizwa. Na nyingine ni aibu tu, faili la ofisi lina makosa, mtaro mmoja umeandikwa mara mbili kwa majina mawili, nani atataka lionekane hivyo? Ndio maana azimio la madiwani lina maana, linamkinga yule wa chini, anasema nimeagizwa.

Kwa hiyo barua iende kwa Mkurugenzi, sio kwa ofisa unayemjua. Ipeleke masjala na nakala yako mkononi, igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo mhuri siku 30 zako zinaanza lini? Nakala nyingine mpe diwani wako, mwombe alipeleke kwenye kamati kwanza, huko ndiko mambo yanaamuliwa, baraza linakutana kila robo mwaka na likifika pale mara nyingi ni kunyoosha mikono. Siku ya baraza nendeni mkakae, mwananchi anaruhusiwa kusikiliza.

Na msiombe majina ya watu. Mfano ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ombeni kiasi kwa kila kata na kilichorejeshwa. Mkitaka majina watawarudisha na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 na mtakosa yote.

boda_Pasiansi:
Mi nauliza, kwani mitaro si tunaiona? Dar mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka mitaani na simu wakachora mitaro na maeneo ya mafuriko, Ramani Huria ile. Sisi boda tunajua kila kalavati la mji huu, tupeni hiyo programu tuchore, halafu nyie mkadai tarehe na hela tu.

mzee_wa_kokoro:
Hii ya boda nimeielewa. Ila mkichora msianze kutangaza asilimia za kujipikia, ile sheria ya takwimu ya 2018 iliwatisha watu sana kabla haijalegezwa 2019. Chora unachokiona basi.

Furu_Mweusi:
Asanteni sana wakuu. Barua mbili zinaandikwa upya usiku huu, Jumatatu tuko masjala. Boda nimekutumia ujumbe, tuanzie Mabatini daraja mpaka ziwani. Mzee, na wewe utasaini?

mzee_wa_kokoro:
Leteni kalamu, mimi yangu iliisha wino semina ya 2012.