Kamera ndogo ya kubeba kila siku: Ricoh GR II, Sony RX100, Canon G7 X II au IXUS ya zamani?

mwl_Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa kuamua maana wiki ya tatu hii nasoma habari za kamera usiku mpaka nasinzia na asubuhi nina vipindi. Mi ni mwalimu wa msingi hapa Tanga, sipigi picha za kulipwa na sina mpango huo, nataka tu kamera ndogo ya kukaa kwenye mkoba, nikienda kazini ipo, nikipita sokoni ipo, jioni nikienda kwa mama ipo. Na huyo mama ndo hasa sababu ya hii mada.

Simu yangu inapiga vizuri tu ila inaniharibia sura ya mama. Mama ni mweusi tii, ana mikunjo yake ya miaka sabini na kitu na juu ya nyusi ana kovu dogo la mwiba wa mkonge, alilipata ujanani akiwa kibarua shambani. Kila nikimpiga picha simu inamlainisha ngozi, inampa weupe asiokuwa nao, kovu halionekani kabisa. Nimezima kila kitu cha urembo kwenye setingi, bado. Juzi nikamwonyesha picha akaiangalia weee, akaniuliza huyu nani, na alikuwa anauliza kweli. Hapo nikasema hapana, simu basi.

Nina milioni moja na laki moja ya kudunduliza, mtumba sina neno nao. Nimefika kwenye hizi nne za hapo juu afu nimekwama. Kila mtu anasifia yake.

Lenzi_Kavu
Mwalimu karibu. Anza na sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kwanza maana hapo ndo kamera hizi zinapoachana, mengine yanafuata. IXUS nyingi za Canon sensa yake ni kama milimita 6 kwa 4.6, yani ukucha wa kidole kidogo. RX100 na G7 X II zote zina ile inayoitwa ya inchi moja, ambayo kwa kweli wala sio inchi, ni milimita 13.2 kwa 8.8, hapo eneo limeshakuwa mara nne ya IXUS. GR II inatumia APS-C, sensa ya ukubwa wa zile kamera kubwa za lenzi za kubadilisha, milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, mara tatu tena ya inchi moja.

Lakini usikimbilie kusema GR imeshinda. RX100 ya kwanza ikiwa kwenye upana wake wote inafungua mpaka f/1.8 (namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), GR inaishia f/2.8, kwahiyo jikoni kwa mama mwanga hafifu hizo mbili zinakaribiana kuliko unavyodhani. Tofauti inakuja ukivuta zumu, RX100 ikifika mwisho inabaki na f/4.9 na hapo chengachenga, zile punjepunje za picha ya gizani, zinaanza. G7 X II hapohapo mwisho bado ina f/2.8, hiyo ni mara tatu ya mwanga. Kwa sura ya mtu kwa zumu G7 X II ndo bora hapo, shida ni bei, vijana wa video wameipandisha mpaka mtumba wake hausogeleki, na milioni moja na laki moja sidhani kama utapata iliyo nzima.

dogo_wa_Temeke
Dada mwalimu shikamoo. Mi nakutetea IXUS maana naona wakubwa wataipita kama haipo. Nina ya zamani ya sensa ya CCD (aina ya sensa ya miaka ile) nlinunua kwa hela ya mboga tu, inakaa mfuko wa shati, mtaani watu hawaiogopi kabisa, wanaona kama toi, wanacheka, unapata picha za ukweli. Na flashi yake ni flashi kweli, sio taa ya simu, inawaka mara moja na kumgandisha mtu hata akiwa anaruka, kwenye sherehe usiku huwezi kupata ile kwa simu. Rangi zake pia zina utamu fulani, mi simu nimeiacha kabisa kwenye picha.

Kitu kimoja tu angalia memori kadi. Kamera nyingi za kabla ya 2006 zinasoma kadi za mpaka GB 2 tu, ukiweka ya 32 inakwambia kadi mbovu kumbe kadi haina kosa. Mi nlizunguka siku mbili kutafuta ya GB 2.

mwl_Ngamiani
Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya flashi umenigusa, shuleni tuna mahafali jioni na simu zote hutoa watu kama mizimu.

Lenzi_Kavu
Dogo yuko sahihi kwenye flashi, na RX100 na GR II zote zina flashi ndani (GR III ya 2019 ndo wameiondoa, ndo maana wengine tumebaki na II). Kwenye rangi za CCD mi sikubaliani naye, rangi inatokana zaidi na jinsi kamera inavyopika JPEG yake (faili la picha iliyokwisha kuiva) na hiyo flashi ya karibu. Ila kwa jikoni gizani bila flashi IXUS itamwangusha mwalimu, nasema hivyo nikiwa nazo mbili ndani.

Kibokoni
Niko Mombasa, RX100 ya kwanza naitumia mwaka wa saba huu. Ilitoka 2012 na bado yatosha, megapikseli 20, ukichapa karatasi hata ya inchi 18 kwa 12 yatoka safi. Uzuri wake dadangu ni zumu, toka milimita 28 (upana) mpaka 100 (karibu), mahamri kwenye karai unayapata, na jahazi lililo mbali kidogo pia unalipata. Ubaya ni mbili. Mwili wake wateleza kama sabuni, mimi nimebandika kipande cha raba mbele. Na haina wayafai, kwahiyo kutuma picha kwa watu ni mpaka utoe kadi, ndugu zako watakuchosha kwa kukuuliza picha ziko wapi.

Lakini kubwa ninalotaka kukwambia wewe wa pwani mwenzangu ni fangasi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma. Kamera ya kwanza niliyomiliki, ya miaka ile, niliiweka kwenye mfuko wake wa ngozi kabatini mvua za masika zote, nilipoifungua ndani ya lenzi kuna nyuzi kama utando wa buibui, picha zote zina ukungu. Usiiweke kamera kwenye mfuko wa ngozi. Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, kamera ilale humo. Mchele usiweke, una vumbi lake.

mzee_wa_Kizota
Nyie mna fangasi, sisi Dodoma tuna vumbi. Hizi kamera zote nne lenzi inatoka na kuingia, na kila ikitoka inavuta hewa ndani, na hewa ya huku Agosti mnaijua. Ndogo niliyokuwa nayo mwanzo ilipata doa kwenye sensa, kila picha ya mbingu ina kinukta cheusi palepale juu kulia, na lenzi haitoki kwahiyo huwezi kupuliza mwenyewe, ni mpaka fundi aifumue yote. Saivi nina GR II, ikikaa mfukoni lazima iwe ndani ya soksi safi ya mtoto, nafua soksi kila wiki, mwaka wa tatu haina doa.

Sasa kuhusu GR II yenyewe. Haina zumu. Inaona upana wa 28 basi, ukitaka karibu sogeza miguu. Haina kitulizi cha mtikisiko pia, mkono utulie. Lakini inawashwa na kuzimwa kwa mkono mmoja, kidole gumba na cha shahada vinafanya kila kitu, na ina kitu wanaita snap fokasi ambacho mi sijakiona kikifanya kazi vizuri hivi kwingine, unaiambia fokasi ikae mita 2, apacha (tundu la mwanga) unaweka f/8, basi chochote kuanzia kama mita moja kwenda mbele huko kinaonekana, unabonyeza inapiga papo hapo haitafuti fokasi. Watoto wanakimbia, mama anageuka kucheka, unakipata hicho kicheko chenyewe.

Shangani_mwani
Mimi nitapita tu haraka. Kama ungekuwa unaingia baharini ningekwambia acha zote hizo chukua Olympus TG-6, inazama mita 15, lenzi yake haitoki nje kwahiyo mchanga hauna pa kuingilia, mimi nawapiga kinamama wa mwani maji kiunoni. Lakini sensa yake ni ndogo kama ya IXUS na jikoni kwa mama haitakufaa, naijua.

mwl_Ngamiani
Nawashukuru jamani mnanifundisha. Sasa lile langu la mwanzo, ngozi ya mama. Ipi kati ya RX100 na GR II haitampaka unga?

Lenzi_Kavu
Zote mbili zinaweza, ila usiziachie zijiamulie. Toka kwenye oto weka P, hapo kamera bado inapima mwanga ila wewe unaweza kuirekebisha. Kamera inapima mwanga ikitaka picha nzima iwe ya wastani, kwahiyo mama akikaa mbele ya ukuta mweupe au amevaa kanga nyeupe inaona kuna mwanga mwingi inapunguza, uso unakuwa shimo jeusi, hapo unapandisha mwanga kwenye kipimo cha +/- mpaka +0.7 au +1. Akikaa mlangoni na nyuma yake giza inafanya kinyume, inapandisha, mweusi tii wake unakuwa kijivu, hapo unashusha -0.7. Weusi unaong'aa unapigwa kwa kushusha, watu wengi wanadhani ni kumwongezea mwanga, hapana, mwache awe mweusi, tafuta ule mng'ao kwenye shavu na paji la uso, huo ndo unaochora sura. Afu nenda kwenye menyu punguza usafishaji wa chengachenga kadiri inavyokubali, maana huo ndo unaofuta mikunjo na makovu, na piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalipika) pamoja na JPEG.

mzee_wa_Kizota
Mwalimu naomba ufanye jambo moja kabla hujatoa hela. Fungua picha zote za mama ulizopiga kwa simu, hesabu ngapi umevuta zumu. Simu inaona upana unaokaribiana na huo wa GR. Utajijua wewe ni mtu wa kusimama wapi.

mwl_Ngamiani
Nimefanya. Nimekaa nazo jana usiku, picha 214 za mama, nilizovuta hazifiki ishirini na zote ni za harusi ya mdogo wangu. Zilizobaki nimekaa kigodani mbele yake, sufuria imo, mikono yake imo, paka yumo. Sikujua kama nina kawaida hiyo.

Kibokoni
Basi mimi na RX100 yangu tumekuruhusu, chukua GR. Zumu ningeilipia mimi, wewe ungeibeba bure.

Lenzi_Kavu
Ukienda kununua beba tochi na kadi yako. Mulika lenzi kwa pembeni utafute nyuzi za fangasi. Iwashe na kuizima mara kumi mfululizo, sikiliza kama lenzi inakwaruza. Weka f/16 piga ukuta mweupe, kuza picha kona hadi kona utafute madoa. Kwa watakaosoma huu uzi wakitaka Sony, zile zilizotoka Japani nyingi menyu ni Kijapani tupu na haibadiliki, fungua menyu ukiwa palepale dukani. Na kadi usinunue ya bei ya kutupwa, imeandikwa GB 128 kumbe ndani ni chache, ikijaa inaanza kula picha za mwanzo bila kukwambia. Ipime kwa kompyuta na programu ya H2testw kwanza.

mwl_Ngamiani
Wakuu nimerudi, wiki ya tano sasa. Nlipanda basi la alfajiri mpaka Dar, Kariakoo nikazunguka toka saa nne. GR II ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa inang'aa nje kama mpya, nikamulika tochi nikauona huo utando, mwenye duka akasema ni mvuke tu utakauka, nikamshukuru nikatoka. Ya pili imechubuka kona mbili, lenzi safi, ukuta mweupe hauna doa hata moja. Laki tisa na nusu na betri mbili. RX100 nayo niliishika dukani, kweli inateleza, na mi mara nyingi mkono mwingine una kapu.

Jumapili mama alikuwa anakuna nazi, amekaa kwenye mbuzi mlango wa jiko wa uani, jua la saa tatu linamwingilia upande mmoja. Nikakaa kigodani kwangu palepale, P, -0.7, snap mita 1. Nikapiga mbili tu. Kwenye kompyuta nimeikuza, chembe za nazi zimemganda kwenye kiganja na nyingine moja kwenye nyusi, kovu lipo chini yake, limeinama kidogo kama mwezi mchanga, na weusi wake ni ule ninaoujua mimi toka mtoto. Nikamwonyesha, akaishika kamera kwa mikono miwili akaisogeza mbali na macho, akanyamaza, afu akasema kumbe jiko langu lina masizi hivi, kesho mtu aje alipake chokaa.

Nimemwomba asilipake kwanza mpaka nipige tena. Sasa nataka hiyo picha niichape kubwa, karatasi sio glosi maana inang'aa usoni, nani anajua studio hapa Tanga inayochapa karatasi isiyong'aa au niisubirie safari ya Dar?

dogo_wa_Temeke
Dada iweke basi nasi tuione.

mwl_Ngamiani
Nimemuuliza. Amesema kwanza jiko lipakwe.