Bega linachomoka, maumivu hayaishi, na Desemba napanda Kibosho kwa mama mkwe. Naombeni ushauri

Fundi wa Majengo
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 31, ni fundi cherehani hapa mtaa wa Majengo, Moshi. Tangu utoto viungo vyangu vinapinda kupita kiasi. Kidole gumba nakilaza mpaka kinagusa kigasha cha mkono, na shuleni wenzangu walikuwa wananiita niwaonyeshe. Siku hizi bega linachomoka nikitundika nguo tu, na magoti yanauma usiku kucha.

Nimehangaika miaka sita. Eksirei safi, damu safi, nikaambiwa ni mawazo. Mwaka huu daktari mmoja akanipima kiungo kimoja kimoja, nikapata alama 7 kati ya 9 za kulegea. Baada ya kuniuliza mengi akasema ni ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ile aina ya viungo kulegea. Nimezaliwa nayo na hakuna dawa ya kuiondoa. Nililia, ila moyo ulitulia, maana sasa najua ninachoumwa.

Shida ni Desemba. Kule kwa mama mkwe natakiwa kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani. Mwaka jana nilibeba siku mbili, wiki mbili sikugusa cherehani. Nikikataa nitaonekana mvivu, kwa sababu ukinitazama ni mzima kabisa. Nifanyeje? Na haya maumivu ya kila siku?

Baba Neema
Pole sana dada. Tafuta mzee anayejua kuchua, akuvute hilo bega likae sawa. Mama yangu alipona hivyo.

Mnyoosha Viungo, Arusha
Baba Neema, najua una nia njema, lakini hapo hapana. Mama yako huenda aliteguka mara moja tu. Huyu dada kano zake zimelegea mwili mzima kwa sababu tishu zinazoshikilia viungo vyake zina hitilafu. Ukimvuta kwa nguvu unazidi kumlegeza.

Dada, nafanya kazi ya fiziotherapia. Mazoezi yako ni ya kukaza misuli, mepesi, kidogo kidogo, ili misuli ibebe kazi ambayo kano haziwezi. Usijikunje kuonyesha watu tena. Kwa vidole, ulizia vifaa vya kuvizuia visipinde nyuma; hapo hospitali ya KCMC Moshi kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa hivyo. Na kama unameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku, mwambie daktari. Tumbo na figo vinaweza kuumia kimyakimya.

Mama Nuru
Mdogo wangu, mimi ninayo pia. Kinachoniponza ni siku nzuri: nafua mashuka yote, kesho yake siamki. Sasa napumzika kabla maumivu hayajaanza. Shona dakika 20, simama, kunywa maji, rudi.

Kwa mama mkwe usianze wewe. Mumeo aongee na mama yake kabla hamjafika, na mlipe kijana akate majani. Wewe nenda na gauni lake la Krismasi ulilomshonea.

Fundi wa Majengo
Asanteni sana. Diklofenaki nameza miezi minne sasa na daktari hajui. Jumatatu naenda kumwambia. Mume wangu amesoma majibu yenu, asubuhi kapiga simu Kibosho kuulizia mzigo wa majani ni bei gani. Vipimo vya gauni la mama mkwe ninavyo kwenye daftari tangu harusi yetu.